Nesi Akitoka Wodini Kwenda Kuongoza Kisomo cha Watu Wazima, Kapotea?



Leo tunaongea na wauguzi, na bi harusi ambao kesho kutwa watakuwa wauguzi, na mama wakwe wenye wakwe manesi. Tuko Lituhi, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, karibu na pale Mto Ruhuhu unapomwaga maji yake ziwani, ng'ambo yake Manda. Sisi wengine tumezaliwa visiwani, ndoa ndizo zilizotuleta huku Ruvuma, na tunapokaa jioni kuchambua usipa mazungumzo yetu ni yaleyale ya Unguja na Pemba: nani kaposwa, nani kajifungua, nani kaacha kazi.

Na hili la kuacha kazi ndilo limetugusa. Kuna mwenzetu mmoja, muuguzi wa miaka mingi, kaamua kutoka wodini aende kusimamia madarasa ya watu wazima. Hajafukuzwa wala haumwi. Kaamua tu. Mashoga, maneno aliyoyasikia! Wa kwanza kasema, "Kashuka daraja." Wa pili kasema, "Watu wanahangaikia ajira ya afya, yeye anaitupa." Wa tatu, mwanamke mtu mzima tunayemheshimu, kasema hadharani kwamba atakuja kuulizwa na Mungu juu ya wagonjwa aliowaacha.

Hilo la tatu ndilo tunataka kulijibu, maana limefungwa ndani ya dini, na jambo likifungwa ndani ya dini mwanamke wa Kiislamu hunyamaza hata kama hajaridhika.

Tuanze basi na dini yenyewe. Bi Shifa bint Abdillah, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa miongoni mwa wanawake wachache wa Makka waliojua kusoma na kuandika kabla ya Uislamu kuenea. Alikuwa pia mganga, akijua kutibu ugonjwa fulani wa ngozi. Katika mapokezi ya Abu Daud, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtaka amfundishe Bi Hafsa tiba ile kama alivyokwisha kumfundisha kuandika. Hebu litazameni vizuri jambo hili. Bi Hafsa hakuwa mtoto wa chuo mwenye ubao mkononi. Alikuwa mke wa mtu, mtu mzima, mama wa waumini. Na mwalimu wake alikuwa mwanamke mwenye tiba mkono mmoja na kalamu mkono wa pili, wala hakuambiwa achague. Elimu ya watu wazima tunayoizungumza leo, ikisimamiwa na mtu wa afya, imo humo humo nyumbani kwa Mtume.

Yupo pia Bi Rufaida, aliyekuwa na hema lake la kutibia majeruhi Madina, na ndiko alikopelekwa Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq. Na mnaikumbuka ile habari iliyomo kwa Bukhari, ya wanawake waliolalamika kwamba wanaume wamewazidi katika kupata darsa, wakaomba wawekewe siku yao, na wakawekewa. Hao walikuwa wanawake wazima, wenye waume na watoto, wanadai darasa. Kwa hiyo anayesema kwamba kufundisha watu wazima ni kazi ya pembeni, ya mtu aliyeshindwa kazi nyingine, atuoneshe kaitoa wapi.

Tuingie kwenye nchi yetu. Wengi wa wasomaji wetu ni wadogo, hawakuzikuta zama za kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na visiwa vya Mafia na Ukerewe vilikuwa miongoni mwa wilaya 6 zilizotangulizwa katika kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Bibi zetu wakaingia darasani chini ya miembe. Ilipofika 1986 serikali ilikuwa inahesabu wasiojua kusoma kuwa asilimia 9.6 tu. (Visiwani neno kisomo linatupeleka kwenye khitma na maulidi, na huku bara kwa miaka hiyo likawa jina la darasa la watu wazima. Sisi tunalipenda lilivyo na maana mbili. Mtu anaweza kukaa kwenye mkeka uleule kwa yote mawili.)

Lakini jambo kubwa kuliko yote ya zama zile, kwa mada yetu, ni kampeni ya mwaka 1973 iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu walikusanyika vikundi vikundi kuzunguka redio. Kipindi kikiisha, kiongozi wa kikundi anasoma kijitabu, watu wanajadiliana, halafu wanakubaliana la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Waliozungumziwa humo ni malaria, kuhara damu, minyoo ya safura, kichocho na kifua kikuu. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kama 75,000, na waliohudhuria wanakisiwa kufikia milioni 2. Vyoo vilivyochimbwa ni vya kuhesabu kwa malaki. Ni sindano ngapi zingehitajika kuzuia maradhi yaliyozuiwa na vyoo vile? Hakuna wodi hata moja iliyoweza kufanya hivyo.

Na kichocho, wapenzi, si hadithi ya 1973. Kando ya ziwa hili kipo. Watoto wanaoga, wanawake wanafua na kuosha vyombo wakiwa wamezamisha miguu majini, wavuvi wanashinda humo. Nesi akikaa hospitalini atampa dawa mtoto anayekojoa damu, mtoto atapona, na kesho yake atarudi majini palepale. Akirudi tena, dawa ni ileile. Muuguzi yeyote mwenye moyo, baada ya miaka kumi ya mzunguko huo, ataanza kujiuliza kama anakaa mahali sahihi. Swali hilo lisiitwe kuchoka kazi. Hayo ndiyo maarifa ya kazi yenyewe.

Mfano wa siku hizi upo jirani, Kenya. Anna Qabale Duba ni muuguzi wa kaunti ya Marsabit, kule kaskazini kwenye ukame. Alikeketwa akiwa na miaka 12, akakwepa kuozwa akiwa bado mtoto, akasoma hadi akawa nesi. Alipopata uwezo alianzisha taasisi, na kijijini kwao Torbi akajenga skuli. Uzuri wa skuli ile ni kwamba watoto wanasoma saa zao, halafu saa za watu wazima zikifika wazazi wao wanaingia madarasa yaleyale, wanafundishwa kusoma na kuandika pamoja na mambo ya afya ya uzazi na madhara ya ukeketaji. Mei 2022 alitangazwa Dubai mshindi wa tuzo ya wauguzi ya Aster Guardians, dola 250,000, akichaguliwa kati ya zaidi ya wauguzi 24,000 duniani. Alipewa tuzo ile akiwa muuguzi, kwa kazi ambayo sehemu yake kubwa imefanyika ubaoni. Hakuna aliyemwambia kashuka daraja, au kama walisema basi wamenyamaza sasa.

Huku Nyasa yenyewe jambo hili si geni. Wabenediktini walipofika Peramiho mwaka 1898, na Waanglikana walipoweka hospitali yao Liuli, skuli na zahanati vilikuwa vinaota kwenye ua mmoja. Wao wana dini yao na sisi tuna yetu, lakini ukweli usemwe: masista wa pande hizi hawakuona ajabu mtu mmoja kufunga kidonda asubuhi na kufundisha kinamama mchana. Sisi Waislamu wa huku ni wachache, tunatibiwa kwenye hospitali za misheni, na mabinti zetu wanasomea uuguzi humo humo. Tumefaidika. Sasa mbona binti yetu akitaka kufanya mambo hayohayo mawili tunamuona kapotea?

Hata hivyo tusiwadanganye. Kuna muuguzi anayehama kwa sababu njema na kuna anayehama kwa kukimbia, na wote wawili tunawajua.

Anayekimbia husema hivi: nimechoka na zamu za usiku, mume analalamika, nikienda elimu ya watu wazima nitakuwa nyumbani jioni. Shoga yangu, umekosea hesabu. Watu wazima wa Lituhi wanasoma lini? Asubuhi wako shambani kwenye mihogo na mpunga, au wako ziwani. Wavuvi wa usipa wanavua usiku kwa taa, alfajiri wanaanika, mchana wanalala. Darasa la watu wazima ni la baada ya alasiri mpaka magharibi. Yaani ni saa ileile mume wako anayotaka kukuona jikoni, na saa ileile watoto wako wanarudi. Zamu ya usiku ina mwisho wake, unapumzika siku mbili, lakini kiongozi wa madarasa ana jioni tano kwa wiki. Halafu kuna safari. Kituo kimoja kiko Lituhi, kingine kiko Ngumbo, kingine kiko Liuli, na njia ni pikipiki au boti, na wakati wa mvua na upepo wa ziwa hakuna anayekuahidi kurudi leo. Haya yasemwe kabla, tena yasemwe na mume.

Na hapa tunawageukia bi harusi. Kwenye vikao vya posa watu wanazungumza mahari, wanazungumza kitanda na kabati, wanazungumza siku ya singo na nani atakuwa kungwi. Kazi ya bi harusi inatajwa kwa neno moja: "ni nesi." Bwana harusi anafurahi, anaona mshahara na anaona mtu wa kumtibu mama yake. Hakuna anayeuliza: na akitaka kubadilisha je? Akitaka kurudi kusoma miaka mitatu je? Akipewa uongozi wa kusafiri je? Sisi tunasema yaulizwe kabla ya akdi, mbele ya wazee, kwa adabu na bila kuficha. Yale yanayoweza kuwekwa kama sharti na yale yasiyowezekana waulizeni masheikh wenu, maana madhehebu hayasemi sawa katika masharti ya ndoa, na suala la safari ya mwanamke nalo lina maneno yake. Lakini kuuliza hakujakatazwa na madhehebu yoyote. Tumeona ndoa zikitetereka kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Tukirudi kwa anayehama kwa sababu njema, yeye naye ana mtihani wake, na huu ndio tunaoutaka mkae nao kidogo.

Uuguzi unamzoesha mtu kuamuru. Si kwa ubaya, kazi yenyewe inataka. Mama anapojifungua hakuna muda wa majadiliano. Sukuma. Usisukume. Geuka. Nyamaza. Mgonjwa akiletewa dawa hameulizwi maoni yake juu ya dozi. Miaka kumi ya hivyo inamjenga mtu sauti fulani, na sauti hiyo kila mwanamke wa Tanzania aliyewahi kulazwa anaijua. Tunawapenda manesi wetu, na wengi wao ni wapole kuliko mama zetu, lakini malalamiko ya lugha kali wodini hayakutungwa na maadui.

Sasa chukua sauti ile uipeleke mbele ya mwanamke wa miaka 50 aliyeshika penseli kwa mara ya kwanza. Kazaa watoto saba, kazika wawili, kaendesha nyumba mume akiwa ziwani, anajua bei ya usipa kuliko mtu yeyote wilayani. Umwambie "wewe mama husikii?" kwa sauti ya wodini. Hatalia wala hatabishana. Kesho haji tu. Hospitalini mgonjwa akikasirika bado atarudi kwa sababu anaumwa, lakini mwanafunzi mtu mzima haumwi na chochote. Anakuja kwa hiari, na hiari inavunjika kwa neno moja.

Kwa hiyo nesi anayeingia huku inabidi ajifunze kunyamaza na kuuliza. Mafundi wa ile kampeni ya 1973 walilijua hili. Kiongozi wa kikundi hakutakiwa awe mganga wala mhadhiri. Alitakiwa asome, aulize, awaache watu waamue wenyewe choo wachimbe wapi. Na jambo hili kwa mwanamke wa pwani si la kujifunza chuoni peke yake. Somo na kungwi wetu ni nani kama si mwalimu wa mtu mzima? Anamkuta mwari anaona haya, hamkaripii, anamwingiza taratibu, kwa mafumbo, kwa nyimbo, kwa kucheka, mpaka mwari mwenyewe anauliza. Nesi akiuchanganya ustadi wa kungwi na elimu ya uuguzi, hapo tumepata mtu.

Tena ngojeni tuseme jambo moja kuhusu makungwi, maana bi harusi wanatusoma. Mafunzo ya ndoa yetu yanasema mengi juu ya usafi, manukato, adabu ya kitandani na kumtunza mume. Yanasema machache mno juu ya damu. Nani aliyemwambia mwari apime selimundu kabla ya akdi? Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na maradhi haya duniani. Mume akiwa amebeba chembe hiyo na mke naye akiwa ameibeba, wote wawili wazima wa afya bila dalili yoyote, kila mimba wanayoipata ina nafasi moja katika nne ya kutoa mtoto mgonjwa. Na kwetu visiwani tunaooana binamu kwa binamu, uwezekano wa wawili kubeba kitu kilekile unaongezeka. Nani anayemwambia mwari aanze vidonge vya foliki kabla hata hajashika mimba, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unajengeka wiki za mwanzo ambazo mama mwenyewe hajajua kama ana mimba? Nani anamfundisha dalili za hatari: kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, miguu na uso kuvimba, damu, mtoto kuacha kucheza? Nesi anayajua yote haya. Lakini akiyajua ndani ya kliniki anamkuta mwari akiwa mjamzito tayari, kwenye foleni, na dakika tano za kuzungumza naye. Darasani anamkuta kabla, tena na mama yake na mama mkwe wake wakiwa wamekaa kwenye mkeka mmoja, na hao wawili ndio wanaoamua nani aende hospitali na saa ngapi.

Utafiti wa afya nchini wa mwaka 2022 umeonesha vifo vya uzazi Tanzania Bara na Visiwani vimeshuka kutoka 556 katika kila vizazi hai 100,000 hadi 104, ukilinganisha na ule wa 2015 na 2016. Alhamdulillah. Waliofanya kazi hiyo wengi wao ni manesi wa wodini, tusiwanyime haki yao. Lakini hizo 104 zilizobaki, nyingine zinaanzia nyumbani, kwenye uamuzi uliochelewa, kwenye barua ya rufaa ambayo hakuna aliyeweza kuisoma, kwenye mtu aliyesema "tusubiri kukuche." Huko sindano haifiki.

Je, tunaunga mkono manesi wote wahame? Hapana, hata kidogo. Hospitali za mwambao huu zikibaki bila wauguzi, tutazungumza nini tena? Mtu aliyemaliza chuo mwaka jana na hajawahi kusimama peke yake usiku na mama anayetoka damu, abaki wodini. Aivae kazi kwanza. Atakachofundisha kesho kitatoka humo, na watu wazima wanamnusa haraka mwalimu anayesema asichokiona. Tunawazungumzia waliokaa miaka, wakajua, na sasa wanaona kwamba wanachokijua hakitakiwi kuishia kwenye faili la mgonjwa.

Na kwao tuna maneno ya vitendo. Leseni usiiache ife. Baraza la Uuguzi na Ukunga linataka leseni ihuishwe na mafunzo endelevu yaonekane, na huko visiwani lipo baraza lenu pia. Jina la muuguzi ndilo litakalokufungulia mlango wa nyumba ambayo mratibu mwingine atasimamishwa barazani. Usiende bila kusomea. Wapo wanaodhani kwa kuwa wanajua afya basi wanajua kufundisha. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo ilianza mwaka 1960 na kupewa sheria yake mwaka 1975, inatoa kozi kuanzia astashahada hadi shahada, na ina masomo ya masafa kwa mtu asiyeweza kuhama na watoto wake kwenda Dar es Salaam. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa mkoani, Songea. Anayetaka kufundisha wenzake wa afya kuna kituo cha Arusha, CEDHA, kilichowekwa khasa kwa kuwaandaa walimu wa vyuo vya afya, na hiyo nayo ni elimu ya watu wazima ingawa watu hawaiiti hivyo. Vipo pia vyuo vya maendeleo ya wananchi, zaidi ya 50 nchini, ambavyo katika mpango wa Elimu Haina Mwisho vinapokea mabinti waliokatishwa masomo, wengine na watoto wao wachanga mkononi. Chuo kinachopokea mama wa miaka 17 na kichanga chake kinahitaji uongozi wa mtu wa namna gani, kama si mkunga?

Halafu mshahara. Ulizeni kabla hamjaandika barua. Muundo wa utumishi wa afya na wa elimu si mmoja, posho za zamu hazihami na wewe, na kuna wanaojikuta wanaanza upya ngazi ya chini. Mwanamke anayesaidia wazazi na kulipia wadogo zake skuli asiambiwe kwamba kuuliza pesa ni kukosa ikhlasi. Mali ya mke ni yake katika dini yetu, kwa hiyo ni haki yake kujua itapungua kiasi gani.

Lingine ni uongozi wenyewe. Kufundisha darasa moja ni jambo jepesi. Kuongoza vituo kumi ni kukaa na watendaji wa kata, kuomba chaki na vitabu, kumbana mwalimu asiyefika, kumtetea mwalimu asiyelipwa, kusimama kwenye mkutano wa kijiji ambao wanaume ndio wengi na kusema neno likasikilizwa. Mara nyingi kazi hii hupewa mtu kama nyongeza juu ya kazi yake nyingine, na nyongeza hufanywa kama nyongeza. Tunapotaka mwanamke wa afya aishike, tunataka aishike kama kazi kamili, yenye ofisi na bajeti. Asikubali cheo cha karatasi. Na yule ndugu atakayesema mwanamke haongozi wanaume wazima, aambiwe kwa upole kwamba hao wanaume wazima aliwapokea yeye walipozaliwa, na hakuna aliyelalamika siku ile.

Kwa huyu mwenzetu wa Lituhi, sisi tumeshamaliza kujadili kama amekosea. Tunachokijadili sasa ni kwamba kina mama 14 wameandikisha majina kwa ajili ya darasa la Jumamosi, kuanzia saa kumi alasiri. Tisa kati yao wana watoto wa kunyonya, na chumba kina taa moja ya sola ambayo betri yake inachoka kabla ya isha. Kinachotakiwa ni mkeka wa pili, mtu wa kushika watoto, na mwenye betri nzima aiazime.